Mwanangu anasoma ukurasa ambao hauko mbele yake, nianzie wapi?

Mshonaji_Ngamiani
Jumapili, saa 4:10 usiku

Habari zenu wana jukwaa. Leo nimekuja na la kwangu, limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Nina kijana wa miaka tisa, yuko darasa la tatu shule ya serikali hapa Tanga mjini. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani Ngamiani, na yeye akitoka shule huja kukaa nami mpaka magharibi. Alhamisi nilikuwa natia lesi kwenye dera la mtu, nikamwambia chukua kitabu unisomee huku nashona. Akasoma. Habari ya kuku na mwewe na kifaranga aliyepotea, anasoma kwa mahadhi yake kabisa, mpaka mteja aliyekuwa kwenye benchi akasema mashaallah. Nikasimamisha mashine nimfungulie ukurasa unaofuata. Karatasi mbili zilishikana, nikafunua zote kwa pamoja bila kujua. Yeye akaendelea tu. Akasoma ukurasa ule uliorukwa, neno kwa neno, na mbele yake kuna picha ya watoto wanachota maji kisimani, hadithi nyingine kabisa.

Nikanyamaza. Mteja alipoondoka nikachukua chaki ya kukatia, nikaandika juu ya kitambaa cheusi: kuku. Nikamuuliza, hili neno gani? Akalitazama, kisha akanitazama mimi usoni, siyo kitambaa, akasema "kifaranga?" Yaani alikuwa anasoma uso wangu.

Huyu mtoto si mjinga, na sisemi kwa kuwa ni wangu. Nikimpima mteja namtajia namba tu, kifua, kiuno, mkono, urefu, na kesho yake nikisahau ananitajia zote bila karatasi. Chenji anaijua kabla sijafungua mkebe. Madrasa, maalim anasema Juzuu Amma amehifadhi kuwapita wakubwa zake, ila akiambiwa aweke kidole kwenye msahafu, kidole na mdomo haviendi pamoja. Ba, ta na tha kwake ni kitu kimoja chenye nukta nukta.

Daftari lake nimelipitia lote usiku ule. "Mbuzi" ameandika "buzi". "Ndizi" ni "dizi". "Dada" imekuwa "baba" mara tatu katika ukurasa mmoja, na mara ya nne imekuwa dada kama kawaida. Mwalimu wake sina la kumlaumu sana, darasa lina watoto tisini na kitu, lakini jibu lake ni kwamba mtoto ni mvivu na mchezaji, na fimbo anazila. Siku zenye somo la kusoma anaamka tumbo linamuuma. Jumamosi halimuumi.

Mama mkwe anasema kafungwa na watu. Kuna jirani amenipa namba ya "mtaalamu" mwenye dawa ya kufungua ubongo, shilingi laki mbili na nusu. Baba yake hasemi kitu. Nikianza habari za daftari anachukua ufunguo wa bajaji anatoka.

Ninachouliza: mtoto anaweza kuwa na akili zake zote na kusoma kukamshinda? Na kama ndivyo, nianzie wapi mimi ambaye si mwalimu? Mwakani ni darasa la nne, kuna upimaji wa taifa. Wenye kejeli naomba mkae pembeni, leo sina nguvu nazo.

---

Jembe_Halimtupi
Jumapili, saa 4:48 usiku

Pole dada ila ukweli usemwe. Mnawadekeza. Sisi tulisoma chini ya mwembe, kitabu kimoja watu sita, ukikosea silabi unakula viboko vinne vya matakoni, na leo tunasoma na kuandika. Hizo nyingine ni ndwele za Wazungu. Mnyang'anye simu na mpira wiki mbili uone kama hasomi.

---

MwalimuMstaafu_Muheza
Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Mshonaji, salaam mwanangu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 27, na katikati hapo nilikwenda Chuo cha Patandi, Arusha, kusomea elimu maalumu. Sasa nimestaafu, nalinda machungwa yangu na ngedere. Nitakuandikia kirefu, chukua chai.

Kwanza, ulichokiona Alhamisi kwa karatasi mbili zilizoshikana, walimu wengi tunapitisha mwaka bila kukiona. Mimi nilimpandisha darasa binti aliyekuwa na kitabu kizima kichwani. Nilikuja kujua alipopewa kitabu kipya darasa la nne. Huwa nakutana naye sokoni, anauza nazi, na mpaka leo anayeona haya ni mimi.

Jembe, wewe ulichapwa ukajua kusoma. Waliochapwa wasijue huwezi kuwasikia humu, maana humu tunaandika.

Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inawezekana, na haikuanza jana. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Mwerevu, mwepesi wa hesabu, michezo haachwi nyuma, lakini hata jina lake mwenyewe aliweza kulikosea kuliandika. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa mwenye akili kuliko wote pale shuleni. Hao ni Wazungu, sawa, lakini nimekuwa na Percy wangu katika kila darasa nililofundisha, na wote walikuwa watoto wa hapahapa. Jina la kitaalamu ni disleksia. Zamani walidhani tatizo liko machoni. Siku hizi inajulikana kwamba kwa wengi liko kwenye sauti: mtoto anasikia vizuri na anaongea vizuri, ila kulikata neno vipande vya sauti na kukifunga kila kipande na herufi yake, hapo ndipo njia inapojaa matope. Tena hutembea kwenye ukoo. Nakuuliza kwa heshima, upande wako au wa mumeo hakuna mtu mzima anayekwepa karatasi?

Siwezi kumpima mtoto kwa simu, kwa hiyo kabla ya jina lolote nenda hospitali wamwangalie masikio na macho. Mtoto aliyetoka usaha masikioni mara kwa mara akiwa mdogo anaweza kuonyesha dalili zinazofanana na hizi. Vilevile tofautisha na lugha ya nyumbani. Nilianzia kazi Shinyanga, watoto waliniandikia "kalamu" wakimaanisha karamu. Huyo hana tatizo la kusoma, anaandika anavyosema, na ukimsahihisha mwezi mmoja imekwisha. Wa kwako ni tofauti. Wala b na d hazikunishtua, watoto wengi huzigeuza mwanzoni. Kilichonishtua ni "buzi" na "dizi". Mtoto wa darasa la tatu ambaye m iliyoegemea b haisikii kama sauti ya peke yake, huyo nataka tuanze naye kwenye masikio.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usiguse kitabu. Kile cha kuku kifiche kabisa. Chezeni kwa mdomo huku unashona. Pipa na paka zinaanza na sauti gani? Sema "mkate" bila m. Sema "kaka" ukiweka d mahali pa k. Pigeni makofi kwa silabi: m-to-to matatu, ki-ta-nda matatu, mbu-zi mawili. Halafu mwambie apige "mbu", yule mdudu. Ni m-bu, makofi mawili, sawasawa na mbuzi mzima. Watoto hucheka hapo, na wakicheka ujue wamesikia kwamba ile m ya mbu imesimama peke yake na ile ya mbuzi imebebwa mgongoni.

Ukianza herufi, fundisha sauti, siyo jina. Ukimwambia "be" ukaongeza "a", atakupa "bea", na ana haki. Bana midomo, mm. Mm, a, ma. Anza na irabu tano, ongeza m, l na t, basi. Kwa herufi hizo nane tu una mama, mali, meli, lima, lala, tatu, moto, tamu, mate, lete, taa, mtu, mto. Mwezi mzima mnaweza kuishi humo. Usiongeze herufi kwa sababu wiki imekwisha, ongeza kwa sababu ile ya nyuma imekaa.

Kila herufi ipite mkononi. Mimi nilitumia sinia na mchanga uliochekechwa: mtoto anachora kwa kidole, herufi kubwa kama kiganja, huku anaitoa sauti wakati uleule anaochora, asichore kwanza akasema baadaye. Kisha okota vifuniko vya soda, arobaini hivi, andika silabi moja kila kifuniko. Avisogeze mezani: ta, tu. Aondoe, aweke li, ma. Kiswahili chetu kina fadhila hii, neno refu ni treni ya mabehewa madogo. Baadaye mtachukua "lima" mumfungie "tuta" mbele, halafu "tuli", halafu "hatuta". Mtoto aliyekuwa anaogopa "hatutalima" kwa urefu wake anaona ni vifuniko vitano tu anavyovijua.

b na d usizifundishe pamoja hata ukibembelezwa. Chukua b peke yake wiki kadhaa. Darasani kwangu tulikuwa na msemo: b ni bakora kwanza, d ni duara kwanza. Yaani ukiandika b unashusha mstari kama bakora halafu tumbo, ukiandika d unaanza na duara halafu mstari. (Bakora yenyewe niliacha kuitumia mwaka wa tatu wa kazi, ikabaki kwenye b tu.)

Dakika 15 kila siku. Siyo saa mbili Jumamosi. Weka saa ya simu, ikilia acha, hasa kama anataka kuendelea. Na hadithi ndefu msomee wewe kwa sauti kila mkipata nafasi, ili kichwa kisibaki nyuma kwa sababu ya herufi.

Shuleni usiende na malalamiko, nenda na daftari. Mwonyeshe mwalimu zile "dada" tatu na ile ya nne. Mvivu hukosea zote au huacha kuandika, hakosei tatu akapata moja huku amebonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Muombe asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake ghafla, ampe kifungu tangu jana. Muombe maswali ya sayansi amuulize kwa mdomo. Na kwa mwalimu mkuu ulizia afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, jina la mtoto lifike huko kabla ya darasa la nne, siyo wiki ya mtihani.

Kuhusu yule mtaalamu: hakuna dawa ya hili. Si kidonge, si kombe, si miwani ya rangi. Laki mbili na nusu kaweke kwenye mashine ya kudarizi.

---

Mama_Kisauni
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Dadangu wa Tanga, nakuandikia kutoka Mombasa. Msichana wangu yuko gredi ya tano na ni hayohayo, ila yeye alijificha mpaka gredi ya tatu. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili chasomeka. A ni a ukiwa Lamu, ni a ukiwa Vanga, haibadiliki. Akipewa muda alikuwa afika mwisho wa sentensi na yote yawe sahihi, sasa mwalimu aona sahihi aweka alama. Hakuna aliyepima muda. Aya moja ilikuwa yamchukua muda wa mimi kuosha vyombo vya watu sita. Kwa hivyo wenye watoto "wanaosoma ila polepole", chungeni hapo pia.

Kilichomfichua ni Kiingereza. *Home* na *come* zafanana kwa maandishi na hazifanani mdomoni. *One* nayo sijui o yaenda wapi. Msichana alianza kulia nikitoa tu kitabu. Mwalimu wake, Mungu ambariki, akanituma kwa kituo cha tathmini, twaviita EARC, viko tangu 1984 lakini wengi wafikiri ni vya viwete na viziwi pekee. Wakamtazama masikio, wakamsomesha, wakaandika ripoti. Ile karatasi ndiyo ilifunga midomo ya watu wa nyumbani. Si kwamba ilimfunza kusoma. Ila nyanya yake aliacha kumwita zuzu siku aliposikia ina muhuri.

Jambo moja nataka kumpinga mwalimu kidogo kwa adabu. Kitabu cha kuku usikifiche. Mimi wangu ndicho kilichokuwa cha kumpa moyo, tulikisoma kile cha zamani usiku, kwa raha, na vifuniko mchana kwa kazi.

---

Mpemba_wa_Baridini
Jumatatu, saa 5:02 usiku

Sizoei kuandika humu, nasoma kwa kusikiliza, simu inanisomea. Hata haya nayasema simu inaandika, kwa hiyo mkiona kituko sameheni.

Nimekulia Wete, sasa niko Uingereza, natunza wazee. Niligunduliwa chuoni nikiwa na miaka 31. Mwalimu wa chuo alishangaa kwamba nikiulizwa kwa mdomo najibu kuliko darasa zima na karatasi yangu ni ya mtoto. Huku sheria ya mwaka 2010 ya usawa inalitambua jambo hili, wakaniongezea robo ya muda kwenye mitihani, mtu wa kunisomea maswali, na nikafaulu. Sikuwa nimebadilika kichwa, dakika tu ndizo zilizobadilika.

Nimekuja kusema neno moja kwa Bi Mshonaji. Usimsute kwa kukariri. Najua unaona kama alikuwa akikudanganya. Mie nilikariri kitabu cha darasa la pili chote na nusu ya cha la tatu. Namna yake ni hivi: mwenzio akisoma wewe unaskiza kama unaskiza adhana, huruhusiwi kukohoa, maana ukikosa mstari mmoja kesho ikifika zamu yako utachapwa. Halafu unahisabu watu waliobaki kabla yako, unakisia aya yako itakuwa ipi. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kuliko baba aliyetoka kuvua. Wenzangu walikuwa wakisoma, kazi nyepesi ile.

---

Mshonaji_Ngamiani
Jumanne, saa 3:30 usiku

Shikamoo mwalimu. Na nyie wote ahsanteni. Mpemba, umeniliza, nilikuwa kweli nimemsuta. Nilimwambia "kumbe unaniigizia". Nimemuomba radhi leo asubuhi akashangaa, akauliza kwani nimefanya nini.

Mwalimu, swali lako la ukoo nimelijibu mwenyewe usiku kucha bila kulala. Mume wangu namba za simu anazihifadhi kwa picha, siyo kwa majina. Ujumbe ukimtumia anapiga simu. Miaka kumi na moja ya ndoa nilijua ni dharau.

Maswali mawili. Mchanga hapa kibarazani hauwezekani, vitambaa vya watu vitachafuka. Kuna kitu kingine? Na kitabu cha kuku, nifiche au nisifiche?

---

MwalimuMstaafu_Muheza
Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Marahaba. Mama Kisauni kanishinda kwa hoja, kiache, ila kiwe cha kusimulia tu, kisiitwe kusoma.

Badala ya mchanga, kitu chochote chenye kukwaruza kidole. Wewe ni fundi, mabaki hayakosi.

---

Mshonaji_Ngamiani
Wiki saba baadaye, Ijumaa, saa 4 usiku

Nimerudi, maana niliahidi na pia nina swali.

Masikio na macho yako salama, tulipimwa. Herufi nimezikata kwa mabaki ya jinzi nikazishonea juu ya vipande vya marekani, kila herufi kubwa kama kiganja, jinzi upande wa nyuma ulio mgumu ndio nimeuweka juu. Anapitisha kidole huku anatoa sauti. Anazibeba kwenye mfuko wa khanzu kama karata. Vifuniko baba yake ndiye aliyeleta, mfuko mzima, sikumuomba. Aliviosha mwenyewe akavimwaga mezani bila kusema kitu. Siku hizi bajaji anaichelewesha kutoka mpaka zile dakika 15 ziishe, anakaa mlangoni amenipa mgongo. Juzi mtoto alikwama kwenye "b", na sauti ikatoka mlangoni: "bakora kwanza". Hakugeuka. Nami sikugeuka.

Si kwamba mambo yamenyooka. Wiki ya tatu alikataa kabisa, akatupa vifuniko barabarani, viwili vikakanyagwa na pikipiki, tukapoteza "le" na "mo". Mwalimu wa darasa ameacha kumsimamisha ghafla lakini ameniambia wazi kwamba hana muda wa kumuuliza kwa mdomo, na nikitazama lile darasa namuelewa. Afisa wa elimu maalumu nimemfuata mara mbili yuko safari. "Ndizi" bado ni "dizi", nusu ya siku.

Ila jana nilikuwa napinda kanga ya mteja, ile yenye HASIDI HANA SABABU. Mtoto yuko upande wa pili wa meza anashika kitambaa kisiburute. Mara naona midomo inacheza. "Ha." Kimya. "Ha-si." Mimi nikapunguza mashine, nikawa nakanyaga taratibu ili asione kwamba nasikiliza. "Hasi-di. Ha-na. Hana." Pindo la upande mmoja likaisha nikaligeuza kana kwamba bado lina kazi. "Sa-da... sa-ba-bu." Halafu akauliza, mama, hasidi ni mtu gani? Na hiyo kanga ililetwa asubuhi ile, hakuna aliyewahi kumsomea.

Nikachukua kipande cha pili cha pea nikampa asome, akasoma mbio! Nikafurahi mpaka nikakumbuka kwamba kanga ni pea na jina ni lilelile. Basi cha pili sijui amesoma au amekariri.

Swali langu ni hili. Alipofika kwenye sababu akasimama, akaniambia: "Mama, umenidanganya. D hii ya hasidi nayo imeanza na bakora." Nikaitazama, kweli, kwenye kanga herufi ni kubwa, na D kubwa inaanza na mstari. Nilikosa jibu. Sasa herufi kubwa nimfundishe lini na kwa kanuni ipi? Na ng' tuianze, maana anataka kuandika ng'ombe?

---

MwalimuMstaafu_Muheza
Jumamosi, saa 12:50 asubuhi

Kakushika! Mwambie ana haki, kanuni ile ni ya ndogo tu. Kubwa hazihitaji kanuni, B ina matumbo mawili na D ina moja, hawezi kuzigeuza. Mpe kubwa kidogokidogo, hizohizo za kwenye kanga, kila kanga inayoingia dukani aisome kabla hujaipinda. Ila msome kipande kimoja, cha pili kifiche chini ya mashine, na kesho yake umwandikie maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine: sababu hana hasidi. Akisoma hivyo ujue amesoma.

Ng' ngojeni. Malizeni nd kwanza. Ng'ombe achore picha.